Maji Hayapingi Mwiko

Mwaka jana tulimzika mfinyanzi wa Ilesi aliyenifunza kazi ya udongo, ambaye sote tulimwita Nyanya. Tangu siku hiyo vijana wananiuliza mtu wa Kakamega alifikaje kwenye meza inayopanga viwango vya majiko ya dunia nzima.

Nilizaliwa Shinyalu, nikakulia katika moshi wa mafiga, nikasomea ufundi. Miaka ya tisini nilirudi nyumbani, vikundi vya akina mama vikifinyanga jiko la kuni liitwalo Upesi. Nyanya ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Jiko likitoka tanuruni aliligonga kwa kifundo cha kidole. Likilia kama kengele, limepita. Likitoa sauti nzito alilivunja papo hapo, hata kama mnunuzi amesimama na pesa mkononi. Kwangu, kiwango kilianzia hapo.

Mwaka 2012 wajumbe wa nchi nyingi walikutana The Hague wakaafikiana madaraja ya kupimia majiko. Baadaye ISO, shirika la kimataifa la viwango, ikaunda Kamati ya Kiufundi 285 ya majiko, ukatibu wake ukashikwa na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, kwa ushirikiano na KEBS, shirika letu la viwango la Kenya. Nami nikaingia katika kamati ya kitaifa iliyozisoma rasimu za viwango hivyo.

Wengi hudhani kiwango hushushwa tu kutoka makao ya ISO huko Geneva. Sivyo. Wataalamu huandika rasimu, nchi zikaisoma, na kila oni huingia kwenye jedwali: kifungu fulani, kasoro ni hii, kiandikwe hivi. Kila mstari wa jedwali lazima ujibiwe. Rasimu ya kimataifa hupigiwa kura kwa wiki 12. Hupita ikipata theluthi mbili ya kura za wanachama washiriki, na za kupinga zisizidi robo ya kura zote. Kenya ina kura moja, Ujerumani moja. Kura ya kupinga isiyo na sababu za kiufundi haihesabiwi. Kwa hiyo anayelijaza jedwali vizuri ana nguvu kuliko anayepaza sauti mkutanoni.

Ninachobishania hadi leo ni maji. Maabara hupima jiko kwa sufuria ya maji, moto ukiwa mkubwa, wa wastani, kisha mdogo. Nilitaka jiko la kuni lipimwe pia likipika ugali, mikononi mwa mpishi halisi. Mtaalamu mmoja wa maabara, mtu mwenye sauti kubwa, alinikata kauli: hakuna mikono miwili inayosonga sawa, kwa hiyo matokeo hayawezi kurudiwa. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana pasipo kipimo kinachorudiwa, maabara mbili haziwezi kulinganishwa. Niliporudi Ilesi nikamsimulia Nyanya. Akasema, "Maji hayapingi mwiko."

Sijaisikia hoja iliyoipiku hiyo. Ugali wetu husongwa kwa nguvu za mabega. Jiko likiyumba, mpishi anaungua. Sufuria isipokaa sawasawa, moto unapotelea kando. Ndiyo maana Upesi hukandikwa udongo hapo jikoni lisihame. Ukilipima limesimama peke yake mezani, umepima kitu kingine.

ISO 19867-1, kiwango cha vipimo vya maabara, kilitoka mwaka 2018, na maji yakabaki. Mwaka uliofuata kikaja ISO 19869, cha kupima majiko huko huko yanakotumiwa. Nakihesabu kuwa nusu ya haki yetu, kwa sababu daraja ambalo mnunuzi na mfadhili huliuliza kwanza bado ni lile la maabara.

Sasa ninyi mafundi wa Lurambi, Mumias na Malava, nawasikia mkilalamika kuwa KS 1814, kiwango chetu cha majiko, kiliandikwa na watu wasiopika. Je, rasimu mliisoma? KEBS huziweka rasimu wazi kwa umma kabla ya kuzipitisha, na viwango vya ISO hupitiwa upya angalau kila miaka 5. Pimeni kuni katika jiko la mama zenu kabla na baada ya kusonga ugali. Andikeni namba, tajeni kifungu, pendekezeni maneno mapya, tena mpeleke kabla ya siku ya mwisho.