Tulivyoipeleka sahani ya bibi Fort Jesus

Kaka yangu ndiye aliyeanza. Aliona kwenye simu mtu akiuza sahani ya buluu na nyeupe, "kaure ya Kichina ya miaka 300", kwa bei inayotosha karo ya muhula mzima, akakumbuka ile tuliyoachiwa na bibi. Mnunuzi akapatikana. Nikasema tusubiri. Jumamosi tukaifunga kwenye leso, tukapanda matatu na watoto hadi Mombasa.

Ngome ya Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593. Watoto walitaka mizinga. Mimi niliwavuta hadi kwenye makabati ya makumbusho yenye kaure iliyofukuliwa pwani yetu. Vyombo hivi vilifika na majahazi kwa karne nyingi. Lamu vilipangwa kwenye zidaka za ukutani, na Mambrui bakuli za Kichina zilijengewa kwenye nguzo ya kaburi. Kwenye makaburi mengine, kama ya Kunduchi kule Tanzania, yamebaki mashimo ya duara tu, vyombo vimeng'olewa. Kwa hiyo, mzazi, muuzaji akijigamba kwamba chake kimetoka kaburini, mwache na wizi wake.

Mwongoza wageni mmoja alitwambia tugeuze sahani kabla ya kusifia maua yake. Duara la kitako, linalokaa mezani, kwa kawaida liliachwa bila ule utando unaong'aa, lisije likagandia tanurini. Pale utando unapoishia, kaure ya zamani mara nyingi ina mstari mwembamba wa rangi ya kutu, pengine na chembe za mchanga zilizonasa. Walaghai wanalijua hilo. Hupaka udongo au chai, wakasugua kwa msasa. Lakini uchakavu wa kweli hukaa pale mkono na meza vilipogusa, haujai kila mahali sawasawa.

Muhuri wa mfalme usikutishe. Wafinyanzi wa China wenyewe walinakili mihuri ya wafalme waliotangulia, na vyombo vingi vya kuuzwa nje havikuwa na muhuri wowote. Maneno ya Kiingereza ni rahisi zaidi: sheria ya Marekani ya kutaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka ilianza 1891, basi sahani iliyoandikwa "Made in China" haiwezi kuwa na miaka 300.

Yetu haikuwa na neno lolote. Kitako kilikuwa laini kama kikombe cha dukani, nikaanza kuingiwa na shaka. Rangi ya brashi huiva hapa na kufifia pale, na mistari hupandana. Binti yangu, wa darasa la sita, akaelekeza kamera ya simu kwenye ua moja na kulikuza.

"Mama, ni vitone. Kama picha ya gazeti."

Kaka alinyamaza hadi tulipofika kwa wauza mihogo. Mnunuzi tulimpigia tukamwambia ukweli, naye akakata simu. Karo bado tunadaiwa. Siku ya Idi tuliipakulia pilau, kama bibi alivyozoea.