Uchaguzi Ulioletwa Mapema

Utotoni kwangu Usagara, TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, haikutajwa mbele ya watoto. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku kwetu Usukumani mwaka 1954, mwaka uleule ilipozaliwa. Wenzake baba wakija jioni, waliongea pamba na ushirika. Paul Bomani wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria walimtaja wazi, maana yeye alikuwa mtu wa pamba. Siasa zilipita humo humo. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja mwaka huo ulikadiria kuwa tungeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25. Kwa hesabu hiyo, ningeuona uhuru nikiwa mzazi.

Mwaka 1958 hesabu ikavurugika. Januari, mkutano wa TANU Tabora ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zuberi Mtemvu alijitoa chamani kwa hasira. Baba naye aliyaona masharti yale kuwa tusi, maana mmoja wa milango ya kupigia kura ulikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, na mkulima gani wa pamba aliyekuwa nazo? Lakini kususia kungewaachia wengine viti, na hapo Nyerere, kiongozi wa TANU, aliona mbali kuliko baba.

Julai, watu wa Geita walifika Mwanza kupinga mabaraza ya rangi mchanganyiko, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwezi huohuo gavana mpya, Richard Turnbull, alishika kazi. Huyu alielewa kwamba kuchelewa kulikuwa na hatari kubwa kuliko kuharakisha. Awamu ya pili ya uchaguzi ule, iliyotuhusu sisi wa Jimbo la Ziwa, ilipangwa Septemba 1959, ikaletwa mbele hadi Februari mwaka huohuo. TANU ilikuwa imeruhusiwa kwetu mwishoni mwa 1958 tu, basi kadi zikagombewa, na majina tuliyozoea kuyasikia usiku yakatajwa sokoni mchana kweupe.

Baada ya hapo, tarehe zilizidi kusogea. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, vingi bila mpinzani. Machi 1961, katika ukumbi wa Karimjee, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na Nyerere walikubaliana uhuru uwe Desemba 28; baadaye ukaletwa Desemba 9.

Wapo wasemao uhuru wetu ulikuja kirahisi. Usukumani, chama kilichoudai kilikuwa halali kwa miaka kama mitatu tu kati ya saba.