Chini ya Miti Kuna Nini?

Mimi ni bwana shamba hapa Boko. Zamani niliwashauri wakulima wachome majani makavu chini ya miti yao. Nilikosea. Miti ile sasa imezeeka, na chini yake hakuna mche wa kuirithi.

Si mbali na kwetu upo Msitu wa Pande, uliofanywa pori la akiba mwaka 1990. Humo, penye kivuli kizito huota mimea inayovumilia giza. Mti ukianguka, mwanga huingia, na mimea mingine huota. Bondeni, penye unyevu, huota mingine tena. Majani yanayooza hutunza maji na kurutubisha udongo. Moto huua mbegu na miche.

Msitu usio na miche ni kama kijiji kisicho na watoto. Usichome majani. Yaache yaoze.