Sikio Hutangulia Ulimi

Watu wengi hudhani kwamba lugha ya kigeni ni mzigo wa kubebwa kwa jasho, na ya kuwa mtu asiyekariri orodha ndefu za maneno na kanuni hataweza kuisema kamwe. Mkulima aliyeacha shule mapema hujiambia kuwa wakati wake umekwisha pita. Karani asomaye barua za Kiingereza kila siku afisini huelewa yote yaliyoandikwa, lakini akisimama mbele ya mgeni ulimi wake hufungika. Wote wawili hulaumu vichwa vyao. Huenda kosa si la kichwa, bali ni la njia waliyoonyeshwa.

Alikuwako mwanamke mmoja wa Hungaria ambaye maisha yake yafaa yafikiriwe na kila mtu mwenye shida hiyo. Jina lake ni Kató Lomb, naye alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Pécs. Hakujulikana kuwa mwenye kipaji cha lugha. Shuleni Kijerumani kilimshinda, na walimu wakamwona mzito. Akageukia sayansi, akasoma kemia hata akapata shahada ya udaktari. Lakini alipomaliza masomo yake, mwanzoni mwa miaka ya 1930, dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi, na kazi ya ujuzi wake haikupatikana. Mwaka 1933 akakata shauri kutafuta riziki kwa kufundisha Kiingereza, lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaijua.

Basi alifanyaje? Alichukua riwaya ya John Galsworthy, mwandishi wa Uingereza, akaanza kuisoma tangu mwanzo hata mwisho. Juma la kwanza alikuwa akikisia tu. Baada ya mwezi mmoja alianza kuelewa, na baada ya miezi miwili alikuwa akiifurahia hadithi yenyewe. Wanafunzi wake aliwatangulia kwa masomo machache tu, lakini aliwatangulia, na chakula kikapatikana nyumbani.

Jaribu kubwa lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 Hungaria ilikuwa upande wa Ujerumani ikipigana na Urusi, na mtu aliyeonekana akijifunza Kirusi angeweza kushukiwa. Mama huyo alipata kamusi ya Kirusi katika duka la vitabu vikuukuu, kisha akapata riwaya ya mapenzi iliyoachwa na Warusi katika nyumba ya wageni. Hakuwa na mwalimu. Alisoma sentensi zile zile mara nyingi mpaka maana ikajitokeza yenyewe, kama mtu azoeaye giza akaanza kuona vyombo vya chumbani. Baadaye ndege zilipoanza kuupiga mji wa Budapest kwa mabomu, na watu wakakaa saa nyingi mafichoni chini ya ardhi, alichukua kurasa za kitabu cha Gogol kiitwacho Nafsi Zilizokufa akazichanganya na kurasa za ensaiklopedia ya Kihungaria, ili jirani akitupa jicho asione hatia. Mwaka 1945 Warusi walipoingia mjini, yeye alikuwa mtu wa kuweza kusema nao, akaandikwa kazi ya ukalimani katika ofisi ya jiji.

Tangu hapo lugha ndizo zilizomlisha. Alifanya kazi ya kufasiri kwa lugha zipatazo 16, na mwaka 1970 alitoa kitabu akieleza njia yake. Wala hakujisifu kupita kiasi. Alisema wazi kwamba lugha nne tu za kigeni, yaani Kirusi, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, zilikuwa tayari kinywani mwake wakati wote pamoja na lugha ya mama yake. Nyingine tano zilihitaji nusu siku ya kuzipasha moto, na zilizobaki alizitumia kwa kutafsiri maandishi tu. Alifariki mwaka 2003, naye ana zaidi ya miaka 90.

Mafundisho yake ni mepesi kuyashika. La kwanza ni kwamba asomaye kitabu cha kigeni asisimame kwenye kila neno asilolijua. Neno lenye maana kubwa litarudi tena ukurasa unaofuata, na tena ukurasa wa tatu, hata litajieleza lenyewe. Akitoa mfano wa hadithi ya askari mpelelezi, alisema si neno kubwa kutojua ni mti gani wa miiba aliojificha nyuma yake askari yule. Hasara kubwa ni hadithi kupoteza ladha mkononi kwa sababu ya kukatizwa katizwa. La pili ni kwamba mtu achague jambo analolipenda. Mwenye kupenda mpira asome habari za mpira. Mwenye kupenda ng'ombe asome habari za ng'ombe. La tatu ni hesabu aliyoitunga: chukua muda na hamu, kisha ugawanye kwa haya. Haya ikiwa nyingi, matunda huwa machache, hata kama muda ulikuwa mrefu.

Neno hilo la haya linagusa Kenya kwa karibu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi ambavyo, katika miaka ya 1950, mtoto aliyesikiwa akisema Kigikuyu karibu na shule alipigwa viboko au kuvikwa shingoni kibao cha kumwita mjinga au punda. Kulikuwa na kifungo kilichopitishwa kutoka mtoto kwa mtoto ili wakosaji wajulikane jioni. Waliofaulu walifaulu, lakini ni nani atakayehesabu waliofunga vinywa vyao kwa hofu, wakabaki hivyo hata uzeeni? Mtoto aliyefundishwa lugha pamoja na aibu hujifunza vyote viwili, na mara nyingi aibu ndiyo ikaayo zaidi.

Mahali pengine njia ya furaha ilijaribiwa darasani. Mwaka 1980, katika visiwa vya Fiji, watoto wa shule za mashambani walipewa vitabu vya hadithi vya Kiingereza vipatavyo 250 kwa darasa, vyenye picha na mambo ya kuwapendeza. Wengine walisomewa na mwalimu, wakayazungumza yaliyosomwa. Wengine waliachiwa kujisomea kimya. Wenzao katika shule nyingine waliendelea na mazoezi ya kawaida ya kurudia sentensi. Mwaka ulipokwisha, waliopewa vitabu walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika kusoma na katika kuelewa wasikiapo. Mwaka wa pili faida hiyo ilionekana hata katika uandishi na sarufi, ingawa sarufi siyo waliyokuwa wakiitafuta.

Mtaalamu wa Marekani, Stephen Krashen, amefundisha tangu miaka ya 1970 kwamba lugha huingia mtu anapoelewa anachokisikia au kukisoma, moyo wake ukiwa umetulia. Lakini haki yataka upande wa pili nao usikilizwe. Huko Kanada, Merrill Swain aliwachunguza watoto waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi. Mwaka 1985 aliandika kwamba walielewa vizuri sana, ila katika kusema na kuandika makosa bado yalikuwa mengi, kwa kuwa hawakulazimika kusema vya kutosha. Kwa hiyo sikio na jicho hujaza ghala, lakini ulimi nao sharti utumwe kwenda kuchukua nafaka. Kató Lomb alilijua jambo hilo. Alipokosa mtu wa kuongea naye, aliongea peke yake kwa lugha aliyokuwa akijifunza, ambapo hapana wa kumcheka.

Ajabu ni kwamba njia hii si ngeni kwa watu wa nchi hii. Wengi wa bara waliojua Kiswahili hawakukipata kwenye kanuni za ngeli. Walikipata sokoni, garini, katika nyimbo na katika redio, wakasikia kwanza, wakacheka pamoja na waliocheka, kisha siku moja wakajikuta wanajibu. Aliyejifunza lugha moja hivyo ana ushahidi nyumbani mwake kwamba aweza kujifunza nyingine.

Basi mwenye nia na aanze na kidogo. Asikilize habari za redio kwa Kiswahili, halafu azisikilize habari za siku ile ile kwa Kiingereza, maana akijua jambo lililotokea, maneno yatamfuata. Asome kitabu cha hadithi cha watoto wake bila kuona haya, na mtoto amsikie akisoma. Akutanapo na neno gumu alipite, na likirudi mara ya tatu ndipo alitafute katika kamusi. Akiwa shambani peke yake na jembe, ajisimulie kwa sauti aliyoyasoma jana. Kató Lomb alishauri saa 10 hadi 12 kwa juma. Asiye na nafasi hiyo na atoe nusu saa kila jioni, kwani haba na haba hujaza kibaba. Na mzazi aliye na shilingi chache za kumnunulia mtoto kitabu, na amnunulie kile ambacho mtoto atakiomba tena kesho.