Haki ya Njia: Kutoka Shinyanga mpaka Geita

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Sayyidna Umar akamwuliza kama amepata kusafiri naye. Yule mtu akajibu kwamba hajapata. Akamwuliza tena kama amepata kufanya naye biashara ya fedha. Akajibu kwamba hajapata. Basi Sayyidna Umar akamwambia kwamba mtu huyo hamjui bado.

Ndugu msomaji, maneno hayo yana maana kubwa. Nyumbani mtu aweza kuificha tabia yake miaka na miaka, kwa kuwa jirani humwona saa chache tu. Lakini mkiketi kiti kimoja tangu asubuhi hata alasiri, jua likawachoma sawasawa na kiu ikawashika sawasawa, hapana siri tena. Wanazuoni husema safari imeitwa safari kwa sababu hufunua tabia za watu. Nami si zamani nalifunuliwa yangu.

Nalikuwa natoka Shinyanga kwenda Geita, pamoja na mke wangu na mpwa wangu, kijana wa miaka 19 ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule. Safari yetu haikuwa ya matembezi. Binti wa ami yangu, aliyeolewa huko Geita, alifiwa na mwanawe katika duara la dhahabu, nasi tulikwenda kumpa mkono wa taazia.

Tuliswali alfajiri, tukaenda kituo cha mabasi. Mtume wetu (s.a.w.) ameagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Nikaikumbusha Sunna hiyo. Mpwa wangu akacheka akasema, "Mjomba, amiri wa basi ni kondakta." Mke wangu akamjibu, "Kondakta ni amiri wa nauli. Amiri wa adabu ni mjomba wako." Nikayapokea maneno hayo kwa furaha, wala sikujua kwamba kabla ya adhuhuri uamiri huo ungenishinda.

Ndani ya basi watu walikuwa wengi, na salamu zilikuwa chache. Kila aliyepanda alitafuta kiti chake, akaketi, akainamia simu yake. Mmoja alikuwa akipatana bei ya pamba kwa sauti ya kumfikia dereva. Mwingine alifungulia mawaidha kwa sauti kubwa hata jirani yake mgonjwa akashindwa kulala, kana kwamba neno jema haliwezi kuudhi likisemwa mahali pasipo pake. Mpwa wangu naye alikuwa amevaa hedifoni masikioni.

Hata akapanda mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye fimbo na koti la zamani. Mzee huyo hakuketi kwanza. Alipita kiti baada ya kiti akisema, "Mwangaluka," nayo ndiyo salamu ya asubuhi katika Usukuma, na kwa kila aliyemwitikia aliongeza swali: watoka wapi, huko kwenu mvua imenyesha, watoto hawajambo? Kwa Wasukuma wenye malezi, salamu si neno moja la kutupwa na kupita. Binti humpigia goti mkubwa wake, na mkubwa naye husimama apate kumjua aliyemsalimu. Nikayakumbuka mafundisho yetu, kwamba aliyepanda amsalimu aendaye kwa miguu, aendaye kwa miguu amsalimu aliyeketi, na wachache wawasalimu wengi. Sikumwuliza mzee yule dini yake; nalitazama adabu yake nikaona haya.

Basi likashika njia ya Mwanza. Tulipofika Maganzo nikamwonyesha mpwa wangu upande uliko Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya ugunduzi wa mwaka 1940. Huko ndiko ilikopatikana almasi ya rangi ya waridi ambayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa mwaka 1947. Kijana akainua simu apige picha, lakini cha kupiga hakukiona ila maduka na vumbi.

Mbele kidogo basi likasimama, na wachuuzi wakayazunguka madirisha. Kati yao alikuwako bibi kizee mwenye beseni la matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Mke wangu akanunua. Bibi akapokea fedha kwa mikono miwili, akatuombea tufike salama. Wakati huohuo mpwa wangu alimpiga picha kupitia dirishani, akaandika chini yake, "Nimekutana na mchawi wa Usukumani," akaipeleka katika kundi la ukoo wetu, ambamo wamo watu zaidi ya sitini. Kisha akanionyesha. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Mzee yule alikuwa ameketi nyuma yetu, naye aliiona simu. Hakupaza sauti wala hakumfedhehesha kijana mbele za watu. Alimgusa bega, akasema polepole, "Mwanangu, huko mjini neno hilo ni mzaha. Huku kwetu watu wamezikwa kwa ajili yake. Yule mama ana jina, na ana wajukuu wanaomngoja jioni."

Ndugu msomaji, mzee yule alisema kweli. Nchi ya Shinyanga imekuwa na uhaba wa miti kwa muda mrefu, na wanawake wengi wamepikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba katika majiko yasiyo na njia ya moshi. Mwanamke akipuliza moto wa namna hiyo miaka arobaini, macho yake huwa mekundu. Watu wajinga wakayafanya macho hayo kuwa alama ya uchawi, na wanawake wazee wasio na hatia wakauawa kwa mapanga usiku katika nyumba zao. Katika miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino nao wakaandamwa katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa waganga wa uongo waliwadanganya watafutaji wa mali kwamba viungo vya binadamu huleta bahati. Mauaji ya namna hiyo aghalabu hutanguliwa na neno: mtu mmoja amenong'ona, wa pili amecheka, na wa tatu ameamini.

Na katika habari hizo kuna jambo lingine lipasalo kukumbukwa. Mwaka 1976 ulifanywa msako juu ya mauaji ya Mwanza na Shinyanga, na baadhi ya watu waliokamatwa wakateswa hata wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Si yeye aliyewapiga watu wale, lakini jambo lilitendeka chini ya amana yake, naye akajiuzulu mwaka 1977. Watu hawakumdharau kwa hilo. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi, na alipofariki mwaka 2024 kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo aliyosifiwa.

Nalipoyafikiri hayo, tabasamu langu likanichoma. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeagizwa, aya ya 6, kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Aya ya 11, tusidharauliane wala tusiitane majina mabaya. Aya ya 12, tujiepushe na dhana na kusengenyana. Picha ile moja ilizivunja aya tatu, na mimi amiri niliiona nikanyamaza. Nikamwambia mpwa wangu aifute. Akaifuta. Lakini muda si mrefu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mjomba, wawili wamekwisha ipeleka kwingine."

Tulipita Misungwi, tukaiacha njia ya Mwanza pale Usagara, tukafika Kigongo. Zamani hapo palikuwa na kivuko. Watu walishuka, wakangoja, wakaulizana habari, na wengine wakaanza undugu palepale. Tangu Juni 2025 tunalo daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi mpaka Busisi, nasi tukavuka kwa dakika chache tu. Ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa na mama mjamzito. Lakini nilipotazama nyuma niliona kwamba hakuna aliyeyatazama maji ila mzee yule na mke wangu. Wengine wote walikuwa ng'ambo nyingine, ndani ya simu zao.

Alasiri tukaingia Geita. Mji huu umekua haraka. Mkoa wake ulianzishwa mwaka 2012, na mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini dhahabu ya huko haichimbwi na mitambo mikubwa peke yake. Wako maelfu ya wachimbaji wadogo, vijana kutoka kila pembe ya nchi, washukao katika maduara kwa kamba na ngazi za miti, na wengine wasagao mawe katika karasha. Mwanawe binti ami yangu alikuwa mmoja wao.

Tulimkuta mama huyo ameketi mkekani pamoja na wanawake wa mtaa. Tukampa pole, tukamsomea Fatiha marehemu. Baada ya kitambo akatusimulia jinsi habari ilivyomfikia. Alikuwa akisonga ugali. Simu ikalia. Katika kundi la wachuuzi wenzake mtu asiyemjua alikuwa ameleta picha ya kijana aliyetolewa katika kifusi, uso umejaa udongo, na maneno ya kuuliza kama yuko anayemtambua. Uso hakuutambua. Akalitambua shati, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia siku ya Idi. Wazee wa machimboni, pamoja na imamu, walikuwa wamekwisha ondoka kwenda kumwambia kwa upole, kama ipasavyo. Walifika baada ya saa nzima, wakamkuta ameanguka, na ugali umeungua jikoni.

Akasema, "Kifo ni haki, Mungu amechukua chake. Lakini kwa nini mwanangu aoneshwe watu wa sokoni kabla yangu mimi?"

Hakuna aliyemjibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri, na maiti ni mwenye kuhitaji sitara kuliko sisi, maana hawezi kujifunika mwenyewe. Tena habari ya kifo si ya kukimbiliwa. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Watu walikwisha kata tamaa, na baada ya siku 41 watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikufa humo shimoni. Ni nani basi awezaye kumtangaza mtu kuwa amekufa kwa sababu ya uvumi wa dakika tano?

Mpwa wangu alinyanyuka akatoka uani. Nalimwona kwa mbali akiandika, akifuta, akiandika tena. Aliporudi alinionyesha alichowapelekea watu wa ukoo. Alisema kwamba picha ya asubuhi ilikuwa ya mama mchuuzi aliyetuuzia chakula na kutuombea dua. Kwamba neno alilolitia chini yake lilikuwa uongo. Na kwamba aliyeipeleka kwingine amsaidie kumfuata aliyempelekea, mmoja baada ya mmoja. Chini yake na mimi nikaandika kwamba nalikuwapo, nikaona, nikacheka. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Wengi walitushukuru, mmoja alituambia tumekuza jambo dogo.

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana, kuna Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwaonya masahaba wasiketi njiani. Wakasema hawana budi, maana ndiyo mabaraza yao. Akawaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Simu ndiyo baraza letu la leo, na mtandao ndio njia wapitapo watu wote. Hatuna budi kuketi hapo, lakini haki ya njia haijafutwa. Kuinamisha macho ni pamoja na kutoitazama wala kuisambaza aibu ya mtu, na kutompiga picha asiyekupa idhini. Kuzuia udhia ni kuizuia habari usiyoijua mkononi mwako, isipite. Kuitikia salamu ni kuivua hedifoni mzee anapokusemesha. Na kukataza mabaya ni kama alivyofanya mzee yule: kwa bega na kwa sauti ndogo, si kwa kumwaibisha mkosaji mbele ya basi zima. Hili la mwisho latuhusu zaidi sisi wazazi na wajomba, maana kijana hutazama uso wetu kabla ya kusikia mawaidha yetu.

Tulirudi siku ya tatu. Basi liliposimama mahali pale, ilikuwa imekaribia magharibi. Mpwa wangu alishuka. Alimtafuta bibi yule kati ya wachuuzi, akainama, akasema salamu ya jioni aliyofundishwa na mwenyeji mmoja wa Geita, "Mwadila, mayu." Bibi akafurahi, akamwitikia kwa maneno mengi ambayo sisi hatukuyaelewa yote. Kijana akanunua matobolwa yote yaliyobaki katika beseni, kisha akamwomba radhi. Bibi akauliza radhi ya nini. Kijana akashindwa kumweleza, kwa kuchelea kumtia hofu mama wa watu. Bibi akacheka, akasema kwamba amemsamehe, kwa kuwa yeye ni mwanawe.

Aliporudi kitini hakusema neno mpaka tulipoziona taa za Shinyanga. Picha ile hatujui imefika wapi, nasi tungali tunaifuata.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wetu, ampe mama yake subira, amhifadhi bibi yule katika nyumba yake, na azilinde ndimi zetu na vidole vyetu tusiwadhuru waja wake. Amin.