Bonaire: Kisiwa kinachomfundisha mtoto kutazama bila kugusa

Mpeleke mtoto ufukweni, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuokota. Kombe, jiwe, kipande cha tumbawe, vyote huishia mfukoni. Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi kaskazini mwa Venezuela, hakiruhusu tabia hiyo. Ni sababu mojawapo ya mimi kurudi huko kwa mara ya tatu na mwanangu wa miaka saba, kumtembelea dada yangu.

Tangu 1979, bahari yote inayozunguka kisiwa hicho, hadi kina cha mita 60, ni hifadhi. Kugusa matumbawe ni marufuku, na hata kuogelea ukiwa umevaa glavu hairuhusiwi, kwa sababu mwenye glavu hushawishika kushika. Huhitaji mashua. Mawe ya njano kando ya barabara yanaonyesha mahali pa kuingilia majini, na hatua chache tu kutoka nchi kavu mtoto mwenye miwani na mrija wa kupumulia anawaona pono wakikwangua mwamba kwa meno. Akitulia, anasikia hata mlio wake.

Safari hii nimekuta mabadiliko. Mwaka 2023 kisiwa kilipatwa na ugonjwa unaoozesha nyama ya matumbawe magumu, uliobainika kwanza Florida mwaka 2014. Mengine yamebaki mifupa myeupe. Wageni wanaombwa kuua vijidudu kwenye vifaa vyao wakitoka eneo moja kwenda jingine. Ni kanuni ileile ya muuguzi anayenawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa wa pili. Mwanangu aliuliza, "Mama, kumbe na miwani inanawa?" Nikamwambia ndiyo, inanawa.

Suala jingine ni jua. Mwaka 2018 baraza la kisiwa liliamua kupiga marufuku mafuta ya kukinga jua yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazodhuru matumbawe. Mzazi, soma lebo, chagua yenye zinki oksidi. Kinga bora zaidi ni nguo: fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, kofia, na kukaa kivulini saa za mchana. Ngozi nyeusi nayo huungua, na mtoto mwenye ualbino anahitaji uangalizi wa ziada.

Asubuhi ni ya ndege. Kusini, karibu na mashamba ya chumvi, kuna Pekelmeer, mahali wanapotagia heroe, wale ambao wengi huwaita flamingo. Ni wekundu kuliko heroe wadogo wa Ziwa Natron, na rangi yao hutokana na chakula wanachokula majini. Hutaga yai moja tu, hivyo wakishtushwa hasara ni kubwa. Watazame kwa darubini kutoka barabarani, bila kelele. Kasuku wa kisiwa, anayeitwa lora kwa Kipapiamentu, ana mabega ya njano. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Ukiwa huko kusini, msimamishe mtoto mbele ya vibanda vya watumwa vilivyojengwa mwaka 1850. Mlango ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima huinama sana ili apite. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1863. Mweleze kwa maneno ya umri wake, lakini mweleze.

Manunuzi hufanyika mji mkuu, Kralendijk, kwa dola za Marekani. Nunua chumvi ya bahari na kazi za mikono za wenyeji. Kombe na matumbawe yaache, hata ukiyakuta yamekufa mchangani.

Kabla hamjafunga mizigo ya kurudi, kagua mifuko ya mtoto. Ukikuta kitu cha baharini, usimfokee. Nenda naye mkakirudishe, kisha mwombe achore alichokiona. Mchoro huo ndio ukumbusho wa kubeba nyumbani.