Kwenda New York Si Sawa na Kurudi

London hadi New York ni kilomita 5,500 na ushei, kwenda na kurudi umbali ni ule ule. Lakini aendaye New York hukaa angani karibu saa nane, ilhali arudiye London hutumia saa saba au pungufu. Kisa ni upepo. Huko juu, yapata kilomita 10, huvuma upepo mkali kutoka magharibi. Ndege iendayo Marekani hupambana nao, irudiyo husukumwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56 tu! Kwa hivyo mzazi ambaye mwanawe anakwenda masomoni Marekani kupitia London asiingiwe na wahaka simu ikikawia.